Kware Walionyonyoana

Mzee Luseno alipoteremka kwenye basi la Kakamega, mwaka wa tisini na saba, alikuwa na mzigo mmoja ambao hakukubali mtu amshikie. Begi la nguo alimwachia mkwewe Nyongesa. Barua ya daktari nayo ikaingia mfukoni mwa Nyongesa. Lakini lile tundu la fito, lililofunikwa kanga kuukuu ya marehemu mkewe, alilikumbatia kifuani mwenyewe, akawa anashuka ngazi za basi kwa kupapasa na ncha ya kiatu, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili.

Khavere, binti yake mkubwa, alikuwa amesimama pale stendi tangu saa tatu asubuhi. Alimshika baba yake mkono.

"Karibu Baba. Mmesafiri vyema?"

"Vyema. Ayuma amekuja?"

"Ayuma yuko kazini. Atakuja Jumapili."

"Aa," Mzee akasema, na uso wake ukashuka.

Khavere akalimeza lile "aa", likapita kooni kama mfupa wa samaki. Baba yake hakuwa amekanyaga Nairobi hata dakika tano.

Mzee Luseno alizaa watoto wengi, lakini walioishi ni mabinti wawili tu. Khavere alikuwa na miaka thelathini na minane, ameolewa na Nyongesa, watoto wao wawili, Everline na mdogo wake, wako shule za bweni, naye hushinda nyumbani katika mtaa wa Tena akifuma sweta za shule kwa mashine iliyowekwa barazani. Ayuma alikuwa mdogo wake kwa miaka sita. Alisuka nywele katika saluni moja Buruburu, alikuwa hajaolewa, na alikuwa na kicheko ambacho watu walikisikia kabla hawajamwona.

Kwa mila za kwao mwanamume halali chini ya paa la mkwewe, na Mzee alikuwa ametuma ujumbe mapema kwamba kama ni hivyo, afadhali abaki kipofu kwake Shinyalu. Ndipo Nyongesa, mtu wa maneno machache aliyekuwa fundi katika kiwanda cha misumari, akasimamisha chumba cha mabati uani, chenye mlango wake wenyewe. Hiyo haikuwa nyumba ya mkwe. Ilikuwa ua wa mkwe. Mzee alipapasa kuta, akauliza mlango unatazama upande gani, akaridhika. Kisha akaomba lile tundu litundikwe kwenye msumari nje ya mlango, akalifunua.

Ndani mlikuwa na kware watatu. Kwao huitwa isindu, na hufugwa kwa ajili ya sauti: dume akiita alfajiri, wale wa porini husikia, wakaja mpaka miguuni pa mtegaji. Mzee alikuwa ameacha kutega zamani. Aliwafuga kwa mapenzi tu. Dume aliitwa Karani kwa kuwa hakuchelewa kazini hata siku moja, na kwa mtu asiyeona, Karani ndiye aliyemwambia kwamba kumekucha. Waliobaki walikuwa majike wawili wazee, na mmoja wao, mwenye shingo nene na jicho la kuhukumu watu, aliitwa Shangazi.

Khavere aliwajua kware kuliko alivyojua mambo mengi. Tangu akiwa na miaka saba ndiye aliyekuwa akiamka kutundika matundu kwenye mlingoti wa kutegea wa baba yake. Ndiye aliyefukua mchwa wa kuwalisha, akawabadilishia majivu ya kuogea, akawatambua kwa mlio kabla hajawaona. Baba yake alikuwa akisema, "Mwacheni Khavere, ana mkono wa ndege." Na wakati yeye akipanda na kushuka na majivu kichwani, Ayuma alikuwa amekaa mapajani mwa baba akimwiga kware anavyoita, na baba anacheka mpaka anafuta machozi.

Mama yao alipougua, Khavere akaacha chuo cha ualimu mwaka wa pili, akarudi nyumbani kumuuguza. Alimwosha na kumlisha kwa miaka mitatu, mpaka wakamzika. Ayuma wakati huo alikuwa shuleni, bado msichana mdogo. Hakuna aliyemlaumu, hata Khavere hakumlaumu kwa mdomo. Alichosubiri ni neno moja kutoka kwa baba yake. Hakujua hasa lingekuwa neno gani, ila alijua kwamba angelitambua akilisikia. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita.

Hospitali ya macho ilimpa Mzee tarehe, majuma matano mbele. Majuma hayo yakawa na mpangilio wake. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi Mzee aliamka, akanywa uji alioletewa na Khavere, akaota jua, akauliza habari za ndege, akala, akalala. Jumapili alinyoa ndevu mapema, akavaa koti, akakaa kwenye kiti mlangoni akitega sikio. Ayuma alifika saa sita, akinukia mafuta ya saluni, na Mzee akawa mtu mwingine. Alisimulia visa vya ujana wake ambavyo Khavere hakuwahi kuvisikia, naye Khavere akivisikia kutoka jikoni, nusunusu, juu ya mvuke wa ugali na kuku aliyemchinja mwenyewe.

"Dada, unajua Baba aliwahi kufukuzwa kwenye disko la misheni?" Ayuma aliuliza Jumapili moja, akicheka hadi ameshika mbavu.

"Hapana," Khavere akasema. "Sijaambiwa."

Jumapili ya nne Ayuma akaja na katoni iliyotobolewa matundu madogo. Ndani walikuwa kware wawili majike, wachanga, aliowapata soko la Kiamaiko kwa muuza mbuzi mmoja ambaye pembeni huuza ndege. Aliiweka ile katoni mapajani mwa baba yake. Mzee akaingiza mkono, akamtoa mmoja, akampapasa kichwa, mbawa, mguu ambao ukucha wake mmoja ulikuwa umekatika. Machozi yakaanza kumtoka.

"Huyu nitamwita Binti," akasema. "Mwenye ukucha huu ni Binti. Tangu mama yenu afe hakuna mtu aliyeniletea kitu chenye uhai."

Khavere alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Ule uji wa kila asubuhi, alijiambia, kumbe ulikuwa umekufa.

Kisha Mzee akasema, "Waingize pamoja na wangu."

Hapo Khavere alifungua kinywa. Mtoto yeyote aliyelelewa na kware anajua kwamba ndege mgeni hachanganywi na wenyeji siku hiyo hiyo. Hutengwa wiki nzima, tundu kando ya tundu, mpaka wazoeane kwa sauti. Na hata baada ya hapo huongezewa nafasi, maana kware wakibanana hunyonyoana. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Tundu lile lilikuwa la ndege watatu, na sasa wangekuwa watano.

"Zawadi ya Ayuma haiwezi kulala kwenye katoni," Mzee akaongeza.

Khavere akafunga kinywa. "Sawa, Baba," akasema, na akawaingiza.

Siku ya pili yake, akiwa barazani kwenye mashine, alimwona Shangazi akimsogelea Binti kutoka nyuma, taratibu, kama mtu anayetaka kunong'oneza jambo. Akamdona juu ya mkia. Unyoya mmoja ukatoka. Shangazi akautafuna, akaumeza, akasimama akitazama mbele kana kwamba hakuna lililotokea. Binti alijikunyata kwenye kona.

Khavere alijua palepale. Alijua pia la kufanya: mchokozi atolewe, tundu lipanuliwe, mwanga upunguzwe, wapewe majivu ya kuogea na jani la kudonadona ili midomo yao ipate shughuli nyingine. Yote hayo yangemchukua chini ya saa moja.

Aliendelea kufuma. Mashine ikaenda kulia, ikarudi kushoto. Kitu cha joto kilikuwa kimemwingia kifuani, na hakukitafutia jina.

Jioni Mzee akauliza, "Ndege wa Ayuma wanaendeleaje?"

"Wanakula vizuri, Baba."

Na wiki nzima jibu likawa hilo. Kweli walikuwa wanakula. Shangazi alikuwa anamla Binti, unyoya kwa unyoya, na jike mzee wa pili akaiga, na hata yule mchanga aliyekuja na Binti kwenye katoni moja akaona afadhali awe upande wa wanaodona. Mvua za mwaka ule nazo zilianza kunyesha kana kwamba mbingu imetoboka. Tundu likaingizwa chumbani, likawekwa kwenye meza kando ya taa, na ndege wakawa hawana la kufanya mchana kutwa ila kutazamana. Kufikia Alhamisi mgongo wa Binti ulikuwa uchi, umepauka. Ijumaa palitokea tone la damu. Kware akishaona wekundu kwenye ngozi ya mwenzake haachi tena, na hawa hawakuacha.

Khavere aliliona lile tone akashtuka. Alisimama mbele ya tundu, mkono ukiwa tayari kwenye kilango. Mzee akasema kutoka kitandani, "Khavere, hebu nipe Binti nimshike kidogo. Nataka nimpigie hadithi Ayuma keshokutwa."

Mkono ukabadili nia. Akamchukua yule mchanga mwingine, mwenye manyoya yake kamili, akamweka kiganjani mwa baba yake.

Mzee akampapasa kichwa. Akashuka mbawani. Akafika mguuni, vidole vyake vikasimama.

"Huyu kucha zake zote zipo."

Khavere akageukia tundu.

"Khavere. Binti yuko wapi?"

"Yupo, Baba. Sikutaka kukuambia kabla ya hospitali. Wale ndege wa Ayuma walikuja na ugonjwa. Binti anatokwa na manyoya."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Lakini neno lilipotoka lilikaa vizuri mahali pake, kana kwamba lilikuwa limeandaliwa siku nyingi.

Mzee akamrudishia yule ndege. "Ayuma hakumwangalia kabla hajamleta?"

"Ayuma hajui ndege, Baba. Ni wa mjini."

"Atamwambukiza Karani," Mzee akasema, na katika sauti yake mlikuwa na ukali ambao Khavere hakuwahi kuusikia ukitumwa upande wa Ayuma. "Akija awarudishe alikowatoa."

Siku hiyo Khavere alipika huku akiimba chini chini. Nyongesa, aliyerudi kutoka kiwandani akiwa ameloa, alimtazama kutoka mlangoni.

"Kuna habari gani njema?" akauliza.

"Hakuna," Khavere akasema. "Mtu haruhusiwi kuimba?"

Jumapili ilikuja na jua. Mzee hakunyoa ndevu. Ayuma alipoingia na kicheko chake, alikuta baba yake amegeukia ukuta.

"Uliniletea ugonjwa," Mzee akasema. "Mtu humpaje mzazi wake kitu bila kukikagua?"

Ayuma alisimama katikati ya kile chumba na mfuko wa machungwa mkononi. Kicheko hakikumtoka mara moja. Kilibaki usoni kwa muda, kimesahauliwa. Kisha akaweka machungwa chini, akalibeba tundu, akatoka nalo hadi mbele ya nyumba, penye mwanga. Alipiga magoti kwenye tope na sketi yake nzuri, akachungulia. Khavere alimwona mgongo wake ukianza kutikisika, akaona kwamba analia, na ile raha aliyokuwa nayo tangu Ijumaa ikawa na ladha ya chuma.

Wakati huo huo Mama Abrar, jirani yao, mwanamke wa Kilifi aliyelelewa Majengo, akaingia kuchukua sweta ya mwanawe. Alikuwa mfugaji wa kuku, na jicho lake halikuweza kupita kwenye tundu la ndege bila kuuliza hali.

"Mbona machozi, Ayuma?"

"Nimemletea Baba ndege wagonjwa."

Mama Abrar akainama. "Ugonjwa gani? Huyu ananyonyolewa na wenzake. Mtazame yule mnene pale, unyoya bado uko mdomoni." Akainua uso. "Mama Everline, wewe si unashinda nao hapa kila siku? Hukuona?"

Ayuma aligeuka, machozi yakiwa nusu ya shavu, akamtazama dada yake.

"Nilikuwa na kazi nyingi," Khavere akasema.

Ayuma akamrudia jirani. "Mama Abrar, nifanyeje? Nisaidie."

"Kuku wangu mimi huwapunguza ncha ya mdomo. Tafuta wembe..."

Ajabu ya wivu ni kwamba hauchagui pa kuuma. Khavere alikuwa amevumilia baba yake kumpenda mwingine, amevumilia visa vya disko la misheni. Lakini kuona mdogo wake akiomba kufundishwa habari za kware na mtu wa kuku, na yeye amesimama palepale, hilo lilimchoma kuliko yote.

"Kware si kuku," akasema. "Weka wembe chini. Leta hilo tundu."

Akaingia kazini. Shangazi alitolewa kwanza, akatiwa peke yake kwenye ile katoni ya Kiamaiko. Binti alitolewa pili, na Khavere alipomshika akausikia moyo wake mdogo ukikimbia chini ya ngozi isiyo na kitu. Alimwosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Akamtuma Ayuma kabatini alete ile dawa ya zambarau ya kupaka watoto vidonda, akampaka mgongo wote, kwa kuwa wekundu ukifichwa chini ya rangi, ndege wengine husahau. Alifunika upande mmoja wa tundu kwa gunia ili pawe na kivuli cha kujificha. Akajaza sahani majivu na mchanga. Akasaga dagaa wa omena kwa jiwe, akachanganya na mtama, akieleza bila kumtazama mtu kwamba kware aliyekosa chakula cha nguvu huanza kukitafuta mwilini mwa mwenzake. Mwishoni akafunga jani la sukuma wiki kwa uzi wa sweta, likining'inia, na Karani akaanza kulidona mara moja.

Mama Abrar alikuwa ameshachukua sweta akaenda zake. Angeweza kuwaambia wanawake kumi maneno kumi, lakini hakusema hata moja, na Khavere alimshukuru kwa hilo baadaye.

Ayuma alikuwa amemshika Binti. Vidole vyake vyote vilikuwa zambarau.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Na ukamwambia Baba ni ugonjwa."

"Ndiyo."

"Kwa nini, dada?"

Khavere alikuwa na jibu la miaka kumi na sita, na lilitoka lote bila mpangilio: chuo, mama, majivu, uji, viti vya Jumapili. "Akishuka kwenye basi ananiuliza wewe uko wapi. Mimi ndiye nimemshika mkono, na ananiuliza wewe. Unajua nimefua blanketi lake mara ngapi? Hujui. Hata yeye hajui. Wewe unaleta katoni moja, analia. Nilitaka siku moja tu akukasirikie uone kulivyo."

Alitarajia Ayuma alie tena, au aombe msamaha. Ayuma hakufanya lolote kati ya hayo. Alimrudisha Binti ndani ya tundu na kusimama.

"Nimeona kulivyo," akasema. "Sasa nikuambie na mimi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuruhusiwa kugusa hilo tundu. 'Mwacheni Khavere, ana mkono.' Mimi ni wa kuchekesha. Mtu akiumwa haniiti. Anakuita wewe, halafu mimi naitwa nije nichekeshe. Amekuja Nairobi kutafuta macho, akaenda kwa nani? Mimi naishi peke yangu, sina mume, mila hainikatazi. Mbona hakuniuliza hata kama nina godoro? Nilinunua wale ndege ili angalau safari moja niwe mtu wa kutegemewa. Ukanipokonya na hilo."

Akachukua mkoba wake. "Utamwambia mwenyewe. Mimi simwambii." Akaenda, na kuku wa Jumapili akabaki sufuriani.

Siku mbili Khavere hakusema. Jumatatu alijiambia kwamba Mzee asisumbuliwe kabla ya upasuaji. Jumanne alijiambia hivyo hivyo, na Nyongesa, aliyekuwa amekaa akivua viatu, akasema, "Kesho mzee anaenda kupasuliwa akiamini mtoto wake mmoja ni mzembe."

"Nani amekuambia?"

"Dirisha la sebule lilikuwa wazi Jumapili."

Basi jioni ile Khavere akaenda, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha baba yake, akasema yote. Hakujipamba. Mzee alisikiliza akiwa amelala chali, mikono juu ya tumbo.

"Mlete Binti," akasema alipomaliza.

Khavere akamweka kiganjani mwake. Mzee akampapasa mgongo ule mtupu kwa ncha za vidole, polepole, pande zote mbili, akavuta pumzi.

"Ndege mgeni hukaa peke yake siku ngapi?"

"Saba, Baba."

"Na mimi nilisema aingizwe siku ileile."

"Ndiyo."

"Nawe ulijua nimekosea, usiniambie."

"Ndiyo, Baba."

Alimrudishia ndege. "Kesho nitakwenda hospitalini na Ayuma," akasema, na akageukia ukuta.

Asubuhi Nyongesa akapiga simu saluni kutoka kibanda cha simu, Ayuma akaja na teksi. Khavere alisimama langoni akawatazama wakiondoka, mdogo wake amemshika baba mkono, pale pale kwenye kiwiko alipozoea kumshika yeye. Majuma matano alikuwa amehesabu siku za kufikia asubuhi hii. Alikuwa amejiwazia akiwa mtu wa kwanza ambaye baba yake angemwona. Alirudi barazani, akakaa mbele ya mashine, na kwa saa nzima hakuisogeza hata mara moja. Kisha akaenda kumwangalia Binti, akampaka dawa, akabadilisha majivu, kwa kuwa kazi hiyo angalau haikuwa na mtu mwingine wa kuifanya.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jicho la kulia lilifunguliwa siku ya pili, la kushoto liliachwa kwa mwaka ujao. Ijumaa adhuhuri Mzee Luseno alishuka kwenye teksi mwenyewe, akasukuma mkono wa Ayuma, akasimama pale langoni akitazama. Alitazama mabati ya chumba chake, mengine mapya, mengine ya kutu. Alimtazama Nyongesa, ambaye hakuwahi kumwona vizuri tangu harusi. Akafika kwa Khavere.

"Una mvi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nyingi."

"Zimekuja taratibu."

Aliendelea kumtazama, jicho moja jekundu likitiririka machozi ya dawa, mpaka Khavere akaona haya, akainamisha uso. Mzee alifumbua mdomo kama mwenye neno, akaufumba tena. Kisha akaomba aletewe tundu.

Alipomwona Binti, kiumbe cha zambarau kilicho uchi mgongoni, kimesimama kwenye majivu kwa kiburi, Mzee alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Khavere kumchekesha baba yake, ingawa sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya ndege. Aliinama karibu zaidi, akakagua kidonda kikavu, na vinyoya vidogo kama miiba vilivyokuwa vimeanza kuchomoza pembeni.

"Vinatoka," akasema. "Ulimwahi."

"Nilichelewa, Baba."

"Ulichelewa. Halafu ukamwahi." Akalifunika tundu. "Ayuma atanichukua wiki mbili. Amenialika. Ndege wabaki hapa."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Khavere alifungasha koti na begi la baba yake, akapika uji wa mwisho, na teksi ilipoondoka kuelekea Buruburu wivu ulikuwa naye palepale, haujapungua ukubwa. Alifikiri kwamba kukiri kungeuondoa, kama jipu linavyotumbuliwa. Haukuondoka. Tofauti ni kwamba sasa aliujua jina, na unapokijua kitu jina huwezi tena kukilisha huku ukijifanya hukioni.

Siku ya nne Ayuma akaja peke yake, bila kupiga hodi, uso umechoka. Akajitupa kwenye kochi.

"Dada, nifundishe kupika ule uji."

"Kwani kuna nini?"

"Kila asubuhi anaonja, anaweka kikombe chini, anasema, 'Wa Khavere huwa mzito kidogo.' Nikiongeza unga anasema una madonge. Jana nimefua blanketi, ananiambia Khavere hulianika upande wa ndani kwanza. Mimi nimesuka kichwa cha mtu jana nikilia. Huyu mzee alikuwa anakusifu hivi ulipokuwa naye?"

"Hata siku moja," Khavere akasema.

Walitazamana. Ayuma ndiye aliyeanza kucheka, na Khavere akajaribu kujizuia, akashindwa. Hata hivyo, ndani ya kicheko kile kulikuwa na kitu kilichomfurahisha Khavere zaidi ya alivyotaka kukiri: kwamba mdogo wake alikuwa anateseka, na sababu ilikuwa yeye. Aliona aibu ya furaha hiyo, na bado akaifurahia.

"Bado nakuonea wivu," akasema, akisimama kuinjika maji. "Usidhani umekwisha."

"Na mimi," Ayuma akasema. "Hasa tangu juzi, saa ya kifungua kinywa."

Khavere akatoa unga wa wimbi na sufuria ndogo. Kabla hajaanza, akamwonyesha mdogo wake jinsi ya kuukoroga kwa maji baridi kwanza, polepole, upande mmoja tu, mpaka kusiwe na donge hata moja.